Ng'ombe Ambaye Hatukumpoteza

Mume wangu alitengeneza lifti za maghorofa ya Nairobi mpaka alipostaafu, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwona akipanda ngazi kwa hiari yake. Alipaa kila siku kama kunguru, lakini amesimama wima ndani ya sanduku, mikono mfukoni. Ndiyo maana daktari alipomtazama tumbo, kisha akamtazama viatu, kisha akamwambia, "Mzee, wewe unahitaji kutembea," mimi nilicheka pale pale mbele ya daktari. Nilidhani atatembea mpaka duka la pembeni, anunue maziwa, arudi, basi.

Nilikosea. Alijiunga na kundi la wastaafu wanaopanda milima kila Jumamosi, na haukupita muda akawa mtu mwingine kabisa. Alinunua buti zenye meno kama magurudumu ya trekta. Alinunua fimbo mbili za chuma za kurefusha na kufupisha, na kofia yenye kitambaa kinachofunika shingo, ambayo akiivaa anafanana na mtu anayekwenda kurina asali. Tukikaa kula alinisimulia habari za Longonot na Ngong kama mtu anayesimulia habari za shangazi zake. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mazoezi yangu ya miguu yalikuwa kukanyaga pedali, na nilikuwa nimeridhika nayo.

Kisha mwenye nyumba wetu akapandisha kodi. Wiki hiyo hiyo mume wangu akasikia redioni habari za kodi nyingine, ile ya serikali, nayo ikawa inapanda. Alizima redio, akautazama ukuta.

"Umewahi kujiuliza," aliniambia, "kwa nini Kiswahili kinaita vyote viwili kodi? Unachompa mwenye nyumba, kodi. Unachoipa serikali, kodi."

"Sijawahi kujiuliza."

"Waliotunga lugha hii walikuwa wapangaji."

Ndivyo safari yetu ilivyoanza. Alitangaza kwamba tutahama Nairobi twende mahali ambapo kodi zote mbili ziko chini, na ambapo mtu akifungua mlango anakuta njia za kutembea kwa miguu. Nilimwambia twende kwao Taita basi, milima imejaa tele na hakuna anayeikodisha.

"Kwetu?" Alisimamisha kiganja chake karibu wima. "Kiwanja walichonigawia ndugu zangu kimekaa hivi. Nikienda chooni nateremka mlima, nikirudi napanda mlima. Mimi nataka mlima wa starehe, mama, si mlima wa lazima."

"Basi twende kwetu Garsen," nilisema, kwa mzaha mtupu.

Akageuka. "Kodi huko iko chini?"

"Huko kila kitu kiko chini. Hata ardhi yenyewe."

Sentensi ya pili hakuisikia. Alikuwa tayari anatafuta sanduku juu ya kabati.

Nataka nieleze kidogo kwa yule asiyekujua kwetu. Mimi nimezaliwa kwenye delta ya Tana, na sisi huko, mtu akisimama juu ya kichuguu anaona wanaoingia kijijini kabla hawajaondoka walikotoka. Mlima kwetu ni neno la kwenye Biblia. Nilijua haya yote na sikusema, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutamani samaki wa kwetu.

Lakini hatukwenda moja kwa moja. Mume wangu alikuwa amepiga hesabu zake, akaona tuanzie Madogo. Madogo iko upande huu wa mto Tana, katika kaunti ya Tana River, na Garissa iko ng'ambo, daraja katikati. Alieleza mpango wake ndani ya basi kwa sauti ambayo abiria wote waliifaidi: mtu analala Tana River kwa bei ya Tana River, asubuhi anavuka daraja ananunua vitu Garissa kwa bei ya Garissa, na jioni anatembea kando ya mto akipunga upepo. Abiria mmoja alimuuliza kama ni mwanasiasa.

Tulipata chumba nyuma ya hoteli ndogo ya mama mmoja wa Kisomali, mpole, mwenye kicheko kilichoanza polepole kikaishia kwa machozi. Uani kwake ndipo mbuzi waliposubiri malori ya kuwapeleka Nairobi. Kodi ilikuwa nafuu kweli. Mume wangu aliuliza swali lake.

"Na njia za kutembea ziko?"

"Ziko, mzee. Si hiyo hapo?" Mama alielekeza kidole kwenye lami. "Ukiishika hiyo, haikuachi mpaka Nairobi."

Kesho yake alfajiri mume wangu alivaa buti, kofia na fimbo zake mbili, akaishika lami kuelekea upande wa Hola. Mimi nilibaki nikinywa chai. Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe baadaye, akiwa bado amekasirika.

Hakufika mbali kabla bodaboda hajasimama. "Panda, mzee." Akasema hapana, anatembea tu. "Unatembea kwenda wapi?" Akasema hana mahali maalumu. Yule wa bodaboda alimtazama kwa huruma akaondoka polepole, akigeuka nyuma. Akasimama mwingine. Likasimama lori la mbuzi, dereva akateremka na chupa ya maji, akamshika mkono na kumuuliza kama anakumbuka jina la kijiji chake. Kila aliyekataliwa alikwenda Madogo na habari, na habari zilipofika kwa mama mwenye nyumba zilikuwa zimekomaa: yule mzee mgeni hana nauli, anarudi kwao kwa miguu, na fimbo mbili anatembelea kwa sababu moja haimtoshi.

Mama hakuniambia kitu. Alimlipa kijana wa bodaboda kimya kimya, akamtuma. Baada ya muda nikamwona mume wangu anarudi, amekaa nyuma ya pikipiki, fimbo zake zimesimama juu kama nyaya za redio, uso umefura.

"Nimeambiwa nimeshalipiwa," alisema. "Nimelipiwa na nani?"

Mama mwenye nyumba alinivuta pembeni. "Dada yangu, kama nauli hakuna, si ungeniambia? Jirani ni wa nini?"

"Nauli ipo, mama. Anatembea kwa ajili ya afya."

"Afya gani katika jua hili?" Akamletea maziwa ya ngamia, akasimama juu yake mpaka akayamaliza.

Na haikuwa siku hiyo tu. Kila alipotoka kwa miguu alirudi kwa pikipiki. Alijaribu kupitia nyuma ya soko, wakamkuta. Alijaribu kuvua kofia asitambulike, akaiacha uani, na mbuzi wakaila, kitambaa cha shingo kikawa cha kwanza kwenda. Watu wa Madogo walikuwa wakarimu mno. Mtu hawezi kupunguza tumbo katika mji ambao haukubali ateseke. Tuliaga, mama akatufungia mahamri, akamnong'oneza kondakta wa basi la Hola na Garsen amwangalie mzee asishuke njiani.

Tulipofika Garsen mume wangu hakutaka hata kupumzika. Alitaka kwanza ajue mambo ya kodi ya serikali, ili asije akajenga moyo wake mahali kisha moyo ukatozwa. Tukaingia ofisi moja ya mapato, ambako karani alikuwa amekaa peke yake akijipepea kwa faili. Alipotuona tunaingia alijiweka sawa kitini, kama mtu anayesubiri kutukanwa.

"Nimekuja kuuliza," mume wangu alisema, "ni kijiji gani hapa kina kodi ndogo kuliko vyote."

Karani akasubiri. "Umetozwa nini, mzee?"

"Bado sijatozwa. Nataka kujua kabla."

Yule karani aliweka faili chini. "Mzee, watu huja hapa kuuliza kwa nini wametozwa. Wewe ni wa kwanza kuja ukiwa na afya yako." Akatuvutia viti. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. Kisha wakashirikiana kumweleza, kwa furaha ya watu ambao hawajawahi kuulizwa swali kwa upole: mwenye duka hulipia leseni, mwenye kiwanja cha mjini hulipia kiwanja, na anayeuza mifugo mnadani hulipa ushuru wa mifugo. Mzee anayekaa tu kwenye nyumba ya shemeji zake kijijini, hana duka, hana kiwanja, hana hata kuku, walishindwa kumpatia cha kumtoza ingawa walijaribu.

"Mifugo unayo?" karani aliuliza mara ya mwisho.

"Mimi ni mtu wa lifti," mume wangu alijibu kwa fahari.

Ndipo tukaenda Golbanti, kijiji nilikozaliwa, kwa wifi yangu. Wifi ni mjane wa kaka yangu, mwanamke mwenye shamba zuri la mpunga na ndizi karibu na mto, na sauti ambayo akiita mtu, wa ng'ambo nao hugeuka. Mwanawe aliyeko Malindi alikuwa amejenga nyumba ya mabati pale uani na kuifunga. Wifi alitukabidhi ufunguo na ufagio kwa pamoja, akasema hiyo ndiyo kodi yake, tufagie.

Mume wangu alitazama mbele ya nyumba. Mbele palikuwa na tambarare. Akazunguka nyuma. Nyuma palikuwa na tambarare, halafu mto, halafu tambarare.

"Milima iko wapi?" aliniuliza.

"Nilikuambia hata ardhi iko chini."

Alinuna mpaka chakula kilipokuja. Lakini asubuhi iliyofuata aliona kitu. Kutoka mtoni kulikuwa na njia pana iliyokanyagwa vizuri, inapita katikati ya mashamba na kwenda moja kwa moja mpaka mbugani, bila lami, bila lori, bila bodaboda. Wenyewe huiita malka: njia iliyoachwa ili mifugo ya wafugaji ishuke mtoni kunywa maji bila kuingia katika mazao ya watu. Mume wangu aliitazama kama mtu aliyeona lifti mpya. Akafunga buti, akarefusha fimbo, akaenda.

Alitembea asubuhi, akatembea jioni. Kila siku alikwenda mbugani mikono mitupu na kurudi mikono mitupu, na hilo ndilo lililoanza kuwatesa watu.

"Shemeji anatafuta nini huko?" wifi aliniuliza tukichambua mchele.

"Anatembea tu."

"Naona anatembea. Nauliza anatafuta nini."

"Anatafuta afya."

Wifi alipepeta ungo akifikiri. "Aliipotezea huko?"

Wakulima wenzake wifi walikuwa na wazo jingine. Wazee wawili na mama mmoja wa kanisani walikuja kututembelea, wakanywa chai, wakasifu nyumba, wakasifu mvua iliyopita, ndipo mmoja akauliza, akizitazama zile fimbo za chuma, kama bwana anapima ardhi kwa niaba ya mtu. Mume wangu aliruka kitini. Akaapa hapimi hata mita moja. Kwa ushahidi akafungua vifungo vya shati akawaonyesha tumbo, akaeleza maneno ya daktari. Wageni walilitazama tumbo kwa heshima, wakakubaliana kwamba ni sababu tosha, wakaaga. Nilimwona mama wa kanisani akigeuka mlangoni kulitazama tena.

Basi, siku chache baadaye mume wangu alikutana mbugani na wachungaji waliokuwa wamekuja na mifugo kutoka mbali kutafuta malisho. Walisalimiana vizuri. Wale hawakuwa na Kiswahili kingi, na mume wangu alikuwa nacho kingi mno.

"Mzee, nafuata nini?" walimuuliza.

"Nafuata njia ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Yeye alidhani wanauliza ni ng'ombe gani wanaopita njia ile. Akawaeleza kwa furaha kwamba kila asubuhi hukutana na mmoja mzuri sana, mwekundu, pembe moja imelala sikioni, lakini leo hajamwona. Akainamisha mkono kichwani kuwaonyesha ile pembe. Wale wachungaji walitazamana, wakampa pole. Alishangaa kidogo kupewa pole, lakini alidhani ni kwa sababu ya jua. Akaitikia, "Ahsanteni, nimeshapoa."

Kesho yake habari zilikuwa zimevuka mbuga na kuingia kijijini: yule mgeni wa watu, mzee wa Nairobi, amepoteza ng'ombe. Sasa kila kitu kikaeleweka. Kumbe ndiyo maana anakwenda na kurudi mikono mitupu! Kumbe ndiyo maana amekonda! (Hakuwa amekonda.) Wakulima wakaacha majembe, wachungaji wakatoa watu wao, na msafara mkubwa ukatoka asubuhi kumtafuta ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyolala.

Mume wangu alikutana nao malka akiwa katika matembezi yake. Akauliza kuna nini. "Ng'ombe amepotea," mmoja alimjibu akikimbia.

"Maskini!" mume wangu alisema, akaungana nao.

Alitafuta mpaka jua likawa utosini. Alipita matopeni, alipita miibani, aliita "Hoo! Hoo!" pamoja na wengine, na hakuna aliyemwambia ni ng'ombe wa nani kwa sababu kila mtu alijua anajua. Wengine walimpiga begani kumtia moyo. Alirudi nyumbani buti zimejaa tope na uso unang'aa.

"Mke wangu, leo nimetembea!" alisema. "Na watu! Kule Nairobi tulikuwa tunalipa kiingilio kupata kundi kama lile. Kuna bwana mmoja amepoteza ng'ombe, namhurumia kweli."

Nilikuwa bado namvua buti niliposikia vifijo nje. Wachungaji wawili, na nusu ya kijiji nyuma yao, walikuwa wanaingia uani wakimvuta ng'ombe mwekundu, pembe moja imelala sikioni. Ng'ombe alikuwa na uso wa mtu aliyekatizwa mazungumzo.

"Mzee, ng'ombe yako," walisema, wakamwekea kamba mkononi.

Mume wangu aliitazama kamba. Akanitazama mimi. "Si wangu," alisema.

Watu walicheka. Walidhani furaha imemzidi.

"Kweli kabisa, si wangu! Mimi ni mtu wa lifti!"

"Si ulisema mwekundu?" mchungaji aliuliza, ameanza kufadhaika. "Si ulisema pembe imelala?" Naye akainamisha mkono kichwani, vile vile kama mume wangu alivyofanya.

Niliona kwenye uso wa mume wangu mambo yanajipanga moja baada ya jingine. Wifi, ambaye alikuwa amekwisha kuelewa yote, aliniinamia na kunong'ona, "Mwambie apokee. Watu wametembea tangu alfajiri. Mwenye mali tutamtafuta kwa adabu." Basi mume wangu akapokea, akashukuru, na mimi na wifi tukapika chai kwenye sufuria ya harusi. Yule mama wa kanisani aliomba, akashukuru kwa ajili ya kilichopotea kikaonekana. Mume wangu aliitikia amina kwa sauti hafifu.

Tukawa na ng'ombe. Usiku ule alikula majani ya ndizi za wifi, na asubuhi tulimkuta ameingiza kichwa dirishani kwetu, anatutazama tulivyolala. Ilibidi apelekwe malishoni, na hakukuwa na mwingine wa kumpeleka. Mume wangu alifunga buti zake akatoka naye.

Alirudi amestaajabu. Hakuna mtu aliyemuuliza anakwenda wapi, aliniambia. Hata mmoja. Walimsalimia, wakapita. Njia ile ile, fimbo zile zile, buti zile zile, lakini sasa mbele yake kuna ng'ombe, na mambo yote yakawa sawa duniani.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kukaa na mali ya mwenzake. Siku ya mnada alimswaga mpaka Garsen ili aulize nani amepotelewa. Wa kwanza kumwona alikuwa yule karani wetu, amesimama penye lango na stakabadhi zake.

"Mzee!" alisema. "Si uliniambia huna mifugo?"

"Huyu si wangu."

"Hapa wote husema hivyo."

"Sikuja kumuuza. Nimekuja kumrudisha."

Karani aliguna. Akaita mwenzake tena. Walishauriana kwa muda, wakakiri kwamba hawajawahi kuona mtu analeta ng'ombe mnadani ili asimuuze, na hapakuwa na ushuru wake. Mume wangu aliniambia hiyo ndiyo saa aliyojisikia kuipenda nchi ile moja kwa moja. Karani akawa ndiye aliyetangaza habari kwa wanunuzi na wauzaji, kwa sauti kubwa, bila malipo.

Mwenye ng'ombe alikuja kesho yake. Alikuwa mama wa Kiorma, mrefu, mjane kama wifi, anayeuza maziwa Garsen na anayejulikana kwa kutocheleweshwa na mtu. Aliitikia salamu zetu akiwa bado anatembea. Alitoa sauti moja ndogo ya ulimi, na ng'ombe, ambaye mume wangu alikuwa akimkuna shingo, alimwacha pale pale na kwenda kwa mama yake bila kugeuka. Mume wangu alibaki mkono hewani.

"Mama, pole sana kwa kupotelewa," alisema.

"Nani amepotelewa?" Mama alimshika ng'ombe sikio, akamkagua kama mtoto aliyetoka kwa majirani. "Huyu hajapotea hata siku moja. Kila asubuhi anashuka malka peke yake, anakunywa maji, anazunguka zunguka, jioni anarudi nyumbani peke yake. Mimi sikumtafuta hata siku ya kwanza. Nilijua atarudi. Hakurudi kwa sababu nyinyi mmemkamata!"

Mkono uliokuwa hewani ukashuka. Kisha mume wangu akauliza polepole, "Kwa hiyo na yeye alikuwa anatembea tu?"

"Anatembea tu."

"Haendi mahali?"

"Haendi mahali. Ndiyo tabia yake."

Sijawahi kumwona mume wangu amefurahi namna ile, wala siku ya harusi yetu. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama wa Kiorma alinitazama mimi kwa swali. Nikamweleza habari yote tangu lifti, na wifi akadakia pale nilipochoka, na kabla hatujafika kwenye msafara wa kumtafuta ng'ombe mama alikuwa ameketi, ameweka chini fimbo yake ya kuchungia, anajipangusa macho kwa ncha ya ushungi. Alikunywa chai vikombe kadhaa. Alipoondoka alimwambia mume wangu, "Wewe mzee, ukitaka kutembea, tembea na huyu. Watu watakuacha." Na siku iliyofuata akatuletea kibuyu cha maziwa, akakiweka mlangoni, akaenda zake kabla hatujashukuru.

Basi ikawa desturi. Asubuhi ng'ombe hushuka malka, na mume wangu huungana naye njiani. Wanatembea mpaka mtoni, wanasimama, wanatazama maji, wanarudi. Tumbo lilipungua kweli, ingawa mama wa kanisani bado halijamridhisha.

Nami mwishowe nilishawishika. Nilikuwa nimemcheka tangu Nairobi bila kutembea naye hata mara moja, kwa hiyo jioni moja, jua bado liko juu ya miti, nilivaa kandambili zangu nikafuatana naye kando ya mto. Nilikuwa nikijidai kumwonyesha kwetu: hapa tulioga, hapa bibi alinichapa, hapa palikuwa na miembe, mto ukaichukua. Nilizungumza kwa raha sana hata nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa Golbanti hulijua kabla hajajua kuhesabu, kwamba saa hizo njia ya kando ya mto si ya watu.

Kiboko alitoka kwenye matete mbele yetu, si mbali. Alisimama katikati ya njia, mnene, amelowa, akatutazama kama mwenye nyumba anayekuja kuchukua kodi.

"Nani anampisha mwenzake?" mume wangu alinong'ona.

Nilikuwa nimeshaondoka. Nilikimbia na leso mkononi na kandambili moja mguuni, mimi niliyezeeka juu ya cherehani, na mume wangu akanipita karibu na shamba la mihogo, halafu mimi nikampita karibu na kisima. Kiboko mwenyewe, wifi alisema baadaye, hakusogea hata hatua. Alitutazama tukienda, akarudi zake majini.

Wifi alikuwa ameona kila kitu kutoka jikoni. Hakuweza kutukaribisha kwa jinsi alivyokuwa anacheka. Alitupakulia wali na kambare wa kukaanga huku mabega yanatetemeka, akaweka sahani, akarudi jikoni kucheka, akaja na pilipili, akarudi tena. Tulikula huku tunahema. Mume wangu alichukua kipande cha pili cha samaki, kisha cha tatu.

Wifi alipopata nafuu alikaa mkekani nasi. "Haya," alisema, "sasa semeni ukweli. Mnakaa au mnakwenda kutafuta pengine?"

Mimi nilimtazama mume wangu. Yeye alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Shemeji," alimuuliza, "godoro zuri linauzwa wapi, Garsen au Minjila?"